Matundu Yaliyozibwa

Paneli nne za umeme wa jua zilikuwa zimetoweka juu ya nyumba ya mkunga. Inspekta alipanda ngazi, akapiga magoti juu ya bati, akapitisha kidole.

Kila tundu la skrubu lilikuwa limezibwa kwa silikoni. Bado ilikuwa mbichi.

"Mama, uliondoka saa ngapi?" aliuliza aliposhuka.

"Saa mbili, kwenda kupima wajawazito mtaa wa pili. Narudi saa sita, bati tupu! Na nina mzazi wa leo au kesho. Nimzalishe kwa kibatari, afande?"

"Nani alizifunga?"

"Mkwe wangu, mume wa binti yangu. Bure kabisa. Kijana ana moyo yule!"

Inspekta akaingia darini na tochi. Matundu yote yalipita kando ya mbao. Skrubu zilikuwa zimeshika bati peke yake.

Mwizi gani huyu, anayeiba juu na kuogopa mvua isivuje chini?

"Katika watu wako, nani anajua bati?"

Mkunga akasita. "Kaka yangu. Lakini hapandi tena. Alianguka, mguu ukavunjika. Nilimwapisha."

Walimkuta kaka kwenye karakana yake, akitoboa mabano ya alumini ya kushikia paneli. Paneli nne zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefunikwa shuka safi. Mkunga alibaki mlangoni, mkono mdomoni.

"Hizi za nani, mzee?"

"Za dada yangu."

"Ulizichukua?"

"Nilizichukua. Kwa mkokoteni, safari mbili."

"Na paani ulipandaje na mguu huo?"

"Kwa makalio, afande. Ngazi moja, pumziko moja. Paneli nikazishusha kwa kamba."

"Kwa nini?"

Mzee akazima mashine. "Juzi upepo ulivuma, nikaona paneli inainuka kama kifuniko cha sufuria. Chini yake kuna benchi la wazazi. Ingemwangukia mtu."

"Si ungesema?"

"Niseme mkwe wake kaharibu kazi? Dada anamsifia kwa kila mgonjwa! Nilitaka nizifunge upya, kila skrubu iume mbao, kabla hajarudi. Mguu ukanichelewesha."

"Kaka," mkunga alisema. "Na wewe ungeanguka, je? Nina kaka wangapi mimi?"

Mkunga akamfuta vumbi la alumini kwenye nyusi kwa upindo wa kanga.

"Nifungue jalada?" Inspekta aliuliza.

"Fungua mlango, afande. Tuzibebe," mkunga alijibu.

Mkwe aliitwa, akaja na aibu yake. Alipanda yeye, mzee alikaa kitini uani, akielekeza.

"Gonga bati, mwanangu. Panapolia kama debe tupu, acha. Panapolia kwa uzito, hapo pana mbao. Toboa hapo, na usisahau mpira chini ya skrubu."

Saa kumi na moja jioni taa ya chumba cha kujifungulia iliwaka. Mkunga hakutoka kuitazama. Alikuwa ameshanawa mikono, na mzazi alikuwa anamwita.