Siku Kumi na Mbili za Thelathini na Tano

Siku zile baba alikuwa akirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, na sisi tulimjua kwa harufu kabla hajapiga hodi. Alinuka chumvi. Mji wetu ulikuwa mbali na bahari, mwendo wa siku mbili kwa gari, lakini baba alikuwa mtunza matangi katika jumba la viumbe vya bahari, na bahari yote aliyoijua aliichanganya mwenyewe ndani ya mapipa. Majirani walimwita Baba Samaki.

"Wenzangu waume zao wanarudi na mkate," mama alizoea kusema, "wangu anarudi na maji ndani ya viatu."

Baba alicheka, akanawa mikono, kisha sote tukainamisha vichwa ili ashukuru kwa siku iliyopita. Sala zake zilikuwa ndefu kidogo. Alituombea sisi, akawaombea wagonjwa wa mtaani, na mara nyingine akamwombea samaki mwenye jicho bovu. Mama alinifinya nisicheke, huku yeye mwenyewe akicheka kimyakimya.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, jumba lilifungwa mwaka mzima kwa matengenezo. Samaki wakubwa walipelekwa kwenye majumba mengine, na watunzaji wakapewa matumbawe madogo wakayalee nyumbani. Tumbawe si jiwe, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Ni wanyama wadogo walioshikana, na kila mmoja ana kichwa laini kinachofunguka mchana kama ua. Tumbawe la baba lilikuwa na vichwa thelathini na kimoja. Alikuwa amelilea miaka kumi na minane, tangu likiwa dogo kama punje ya harage.

Mkuu wa jumba, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alitoa masharti. "Pima maji kila siku, andika kwenye daftari. Nitapita kila mwezi. Nikikuta linadhoofika, nitalikabidhi kwa mtunzaji mwingine."

"Sawa, Mkuu," baba alijibu.

Tulikwenda kununua vifaa siku ya mapumziko, mimi na yeye. Muuza samaki wa mapambo tulimwita Punguzo, kwa sababu kila kitu dukani kwake kilikuwa na punguzo, hata vile ambavyo havikuwa na bei. Baba alichagua tangi la kioo la lita sitini.

"Chukua hili dogo zaidi, Baba Samaki. Linakaa hata juu ya meza ya chai."

"Maji kidogo huharibika haraka," baba alisema. "Ukikosea kwenye kikombe, umekosea kikombe kizima."

Akachukua pampu mbili ndogo za kusukuma maji, kwa sababu tumbawe halitembei, chakula lazima kiletwe na mkondo. Akachukua kipasha maji, kipimajoto, mfuko wa chumvi ya bahari na taa ya mwanga mweupe na wa buluu. Vyote vilikuwa vifaa visivyopendeza hata kidogo. Macho yangu yalikuwa kwenye rafu ya juu, kwenye mkanda wa taa uliobadilika rangi: mwekundu, zambarau, kijani, tena mwekundu.

"Baba, ule."

"Ule ni wa wageni, mwanangu. Tumbawe haliuhitaji."

Kikabaki kipima chumvi. Punguzo aliweka viwili juu ya meza. Kimoja kilikuwa kama darubini ndogo, unadondosha tone la maji kisha unachungulia. Kingine kilikuwa cha kioo, chembamba kama kalamu, kinachoelea ndani ya maji na kuonyesha namba shingoni.

"Hiki cha kuchungulia ni imara," Punguzo alisema, "ila bei yake haina huruma."

Nikaona nafasi yangu. "Baba, si vyote viwili vinapima chumvi?"

"Vinapima."

"Basi tuchukue cha kioo. Fedha itakayobaki tununue ule mkanda."

Punguzo akacheka. "Huyu mtoto aje nimwajiri!"

Baba alikigeuzageuza kile cha kioo. "Hiki ni sahihi, lakini hakitaki mchezo. Utaweza kukitunza?"

"Haki ya Mungu, baba, naapa..."

"Usiape. Sema ndiyo au siyo."

"Ndiyo, baba."

Akanikubalia. Baba hakuwa mtu wa kukubali kirahisi, nadhani siku ile furaha yangu ilimzidi nguvu.

Tangi lilikaa wiki sita na mawe na maji tu hadi baba aliporidhika. Ndipo tumbawe likaletwa kutoka jumbani, likaingia. Asubuhi ya pili vichwa vyote vilifunguka, na mama, ambaye hakuwahi kusifu kitu cha kazini kwa baba, alisimama na mwiko mkononi hadi mboga ikaungua.

Mwezi wa kwanza baba alifanya kila kitu mwenyewe, na Mkuu alipopita alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha baba akapewa kazi ya kusimamia ujenzi, akawa anarudi giza limeingia. Akanikabidhi tangi.

"Sasa wewe ni Msaidizi wangu," alisema. "Kila alasiri pima chumvi, andika. Inatakiwa iwe thelathini na tano. Na maji yakishuka, ongeza jagi moja kutoka ndoo nyeupe, yale maji matamu yasiyo na chumvi. Joto linachukua maji, chumvi inabaki. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

Sikumsikia. Nilikuwa nikitazama mkanda wa taa ukigeuka zambarau.

Kesho yake nilimleta rafiki yangu tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta kimya. Aliona zile rangi, akapiga kelele. "Kumbe mna ukumbi wa muziki nyumbani na mnanyamaza!"

Akaanza kuimba na kucheza. Mimi nikashika kipima chumvi kama kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, leo tunaye..." Nikazungusha mkono. Kioo kikagonga ukingo wa tangi, kikaanguka sakafuni vipande viwili.

Redio alinyamaza, na hapo nilijua mambo ni mabaya kweli.

"Usimwambie mtu," nilisema.

"Mimi? Nilikuwa nimefumba macho naimba, sikuona kitu. Redio imezimwa."

Nilifungia vipande ndani ya kopo la maziwa, nikalisukuma chini ya kitanda. Kisha nikakaa mbele ya daftari.

"Jana ilikuwa ngapi?" Redio akauliza.

"Thelathini na tano."

"Na juzi?"

"Thelathini na tano."

"Sasa unaogopa nini? Hayo maji hayana namba nyingine."

Nikaandika thelathini na tano. Jioni baba alipitisha kidole juu ya ukurasa, akasema, "Ahsante, Msaidizi." Chakula cha siku ile hakikuwa na ladha.

Maji yalikuwa yameshuka kidogo, nami sikukumbuka ndoo ipi. Nilijiambia kwamba kilichopungua ni maji ya bahari, kwa hiyo kirudishwe maji ya bahari. Nikachota jagi kwenye ndoo ya buluu, yenye chumvi. Kesho yake tena. Kama kipima chumvi kingekuwapo, kingenionyesha kosa siku za mwanzo tu. Kila siku niliongeza jagi moja la maji ya chumvi, na kila siku niliandika namba ileile kwa mwandiko mzuri.

Mwisho wa wiki baba aliona vichwa kadhaa vimefumba. Akasafisha pampu. Akazima ule mkanda wa rangi, akasema labda unalisumbua. Akainua taa, kisha akaishusha. Alilifungua daftari, akaligonga kwa kidole.

"Chumvi iko sawa. Basi si chumvi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaenda chumbani, nikalisukuma kopo ndani zaidi chini ya kitanda.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumamosi, na Mkuu alitarajiwa mchana. Vichwa vyote vilikuwa vimefumba, na upande mmoja wa tumbawe ulikuwa umeanza kuwa mweupe kama chaki. Baba alikaa mezani tangu asubuhi akiandika barua. Nilisoma mstari wa kwanza juu ya bega lake: "Mkuu, mimi nimeshindwa kulitunza. Naomba lipewe mtunzaji bora."

Aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa mikono. Sikujua kama alijua kuwa niko pale.

"Ee Mungu," alisema polepole, "nimefanya kila ninachokijua. Nionyeshe nilipokosea. Si kwa ajili ya jina langu. Ni kiumbe chako, na kinakufa mikononi mwangu."

Niliomba sala nyingi utotoni, nyingine nikisinzia. Ile ya baba ndiyo sala pekee niliyojua wazi kuwa jibu lake ninalo mimi.

Nilikwenda chumbani, nikarudi na kopo. Nililiweka juu ya barua, nikalifungua.

"Nilikivunja mimi, baba. Siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa nacheza."

Alitazama vipande. Kisha akatazama daftari.

"Na hizi namba?"

"Nimezitunga."

"Zote?"

"Zote kumi na mbili."

"Na maji uliyokuwa ukiongeza, ulichota ndoo gani?"

"Ya buluu."

Mama alitoka jikoni, akanitazama, akamtazama baba, akarudi jikoni. Nilitamani anipigie kelele. Baba hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alikwenda mbele ya tangi akasimama na mikono mgongoni, na mabega yake yalikuwa ya mtu aliyezeeka ghafla. Mwishowe akasema, "Mkuu akija, utamweleza wewe."

Mkuu alifika saa nane, na kipima chumvi chake cha kuchungulia kwenye mkoba. Nilimweleza nikiwa nimesimama wima kama darasani. Nililia katikati, akasubiri nimalize kulia, kisha nikamalizia. Alidondosha tone moja, akachungulia, akampa baba naye achungulie.

"Arobaini na mbili," baba alisema.

"Litaishi?" niliuliza.

"Sijui," Mkuu alijibu. "Tukilihamisha leo, litakufa njiani. Tukishusha chumvi yote leo, litakufa hapahapa. Kuanzia kesho itashushwa namba moja kwa siku, siku saba. Utatoa maji ya chumvi kidogo, utaweka matamu kidogo, utapima, utaandika. Baba yako atakuwa karibu, lakini mkono utakuwa wako. Nitawaachia kipimo changu. Baada ya hapo nitaamua nani akae nalo."

Nilichukua kifutio ili nisafishe zile namba. Mkuu alinishika kiganja.

"Hapana. Kule kwetu kosa halifutwi. Pigia mstari mmoja, namba isomeke, uandike pembeni kilichotokea na jina lako."

Nilipiga mistari kumi na miwili. Pembeni ya kila mmoja niliandika "Sikupima" na jina langu. Kufika mstari wa saba nilikuwa siwezi kuliangalia jina langu mwenyewe.

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko muhula mzima. Arobaini na moja. Arobaini. Thelathini na tisa. Redio alikuja siku ya tatu, akakaa sakafuni kando yangu bila kuimba. "Siku ile nilifumbua macho," alisema. "Niliona. Mimi ndiye niliyekwambia uandike." Akakwenda kumwambia baba hivyo hivyo, na baba akamshika kichwa, akamshukuru.

Siku ya saba namba ilisoma thelathini na tano. Ilikuwa ya kweli, lakini vichwa vilikuwa bado vimefumba. Nilimuuliza baba tufanye nini zaidi. Akasema hakuna zaidi. Tupime, tusubiri, tuombe.

Siku ya tisa niliporudi kutoka shule, nilimkuta baba amepiga magoti mbele ya tangi. Nilidhani anasali. Aliponiona akanivuta karibu. Vichwa vilikuwa vinafunguka, kimoja hapa, viwili kule, taratibu kama watu wanaoamka kutoka usingizi wa homa. Upande mweupe ulibaki mweupe.

Mkuu alikuja kesho yake. Alisoma daftari kwa muda mrefu kuliko alivyotazama tumbawe, akasoma hadi mistari yote kumi na miwili. "Libaki hapa," alisema. Basi. Akaondoka na miwani yake.

Baba alikaa nami jioni ile, taa ya tangi ikiwa bado inawaka.

"Nisikilize, mwanangu. Kuvunja kioo hakukutudhuru. Kioo huvunjika, hata mimi nimevunja vingi. Na kile cha kioo nilikubali kukinunua mimi, huku nikijua. Kilichotudhuru ni ile thelathini na tano. Ungeacha nafasi tupu kwenye daftari, ningeuliza siku ileile. Nafasi tupu ingeniamsha. Namba yako nzuri ilinilaza usingizi, nikatafuta ugonjwa kwenye pampu na kwenye taa, wakati mgonjwa anakufa kwa chumvi. Mtu anayekuamini anatazama kwa macho yako. Usimwonyeshe kitu ambacho hujakiona."

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe ulipofungua lile kopo." Akasogeza daftari mbele yangu. "Haya. Hesabu vilivyofunguka, uandike."

Nilihesabu mara mbili. Nilitamani sana viwe thelathini na kimoja, au angalau thelathini. Nikaandika: "Vimefunguka kumi na tisa. Kumi na viwili havikufunguka."