Jina la Pili kwenye Hati

Ijumaa ile foleni ya posta ya Catford ilifika hadi mlangoni, na mvua ilikuwa ikiwasukuma ndani hata wasio na barua. Hazel Dunmore alisimama katikati, koti la sufu la rangi ya haradali mwilini, skafu ya kijani shingoni, fimbo mkono mmoja na bahasha kubwa mkono wa pili. Alipokaribia dirisha ndipo akakumbuka kuwa hakuandika anwani yake.

"Samahani kaka, una kalamu?"

Nyuma yake alikuwa bwana mwenye mabega mapana na ovaroli la bluu lenye madoa ya grisi. Akachomoa kalamu sikioni.

"Ninayo. Ila ina tabia ya kutorudi."

"Basi shika fimbo yangu iwe rehani."

Akaishika. "Barua ya mapenzi hiyo?"

"Ningekuwa na bahati hiyo! Notisi kwa mwenye jengo. Nataka anirefushie pango."

"Imebaki miaka mingapi?"

"Themanini na wiki tatu."

Yule bwana akapiga mluzi. "Umeponea chupuchupu, dada."

London hakuna asiyejua habari hiyo. Ukinunua fleti umenunua miaka tu. Jengo lina mwenyewe, na miaka ikiisha anachukua chake. Ikishuka chini ya themanini, bei ya kuirefusha inaruka, na ikizidi kushuka hupati wa kumuuzia. Na ilikuwa lazima Hazel auze. Maradhi ya neva yalikuwa yakimla miguu kidogo kidogo, naye alikaa ghorofa ya nne, ngazi sitini na mbili, lifti hakuna. Alitaka nyumba ya chini, mlango ufungukie bustanini, kabla miguu haijamgomea kabisa. Notisi ikifika kabla miaka haijashuka chini ya themanini, bei ingefungwa hapo hapo.

Yule bwana aliitwa Keith Ransome, na kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti. Aliporudisha fimbo walipeana namba za simu.

"Mungu ana mzaha," Hazel alimwambia kwenye simu Jumapili. "Kaniletea fundi wa lifti kwenye jengo lisilo na lifti."

"Mimi mwenyewe ndiyo lifti yako, mpenzi. Bonyeza tu."

"Nyoo! Na ukikwama katikati?"

"Tutakwama wote."

Alibonyeza, na kufika Juni Keith alikuwa amehamia. Alikuja na mabegi mawili, akayasukuma chini ya kitanda bila kuyafungua. Shati akilitaka, alilichomoa, na likifuliwa, alilirudisha. Mkewe wa zamani alimtolea mabegi hayo hayo barazani Jumapili moja, majirani wakiangalia, na tangu hapo hakuamini kabati la mtu.

"Mabegi yako yana mayai, hata hayafunguliwi?" Hazel alimtania.

"Nayazoeza nyumba tu."

Hazel alicheka, lakini moyo ulimuuma. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya Keith, mwezi Agosti, aliweka mezani fomu za umiliki pembeni ya samaki na chipsi. Alizijaza mwenyewe, bila wakili. Mwenye jengo alikuwa ameshajibu notisi, mazungumzo ya bei yanaendelea, kila kitu kinakwenda vizuri. Kuongeza jina la mtu umpendaye kuna kesi gani?

"Weka sahihi hapa," akasema. "Halafu uyafungue hayo mabegi, bwana wee."

Keith alisaini kwa kalamu ile ile ya posta. Hakusoma hata mstari mmoja, na Hazel akadhani ni furaha.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Alikuwa Bi Aldridge, wakili wake.

"Hazel, umebadilisha umiliki?"

"Nimemwongeza mwenzangu tu."

"Hati ilihama, notisi haikuhamishwa nayo. Ilitakiwa viende pamoja, siku moja, kwa maandishi. Notisi imekufa."

"Basi tutume nyingine leo."

"Huwezi. Sheria inataka majina haya mawili yakae kwenye hati miaka miwili kwanza. Ukimtoa, hesabu inaanza upya. Na pango limeshashuka chini ya themanini. Lakini mbona nilikuandikia? Barua ya mwanzo wa Agosti. Nilisema usiguse hati bila kuniuliza."

Hazel hakuwa ameona barua yoyote. Alitafuta mezani, jikoni, kwenye droo za sebuleni. Mwisho akapiga magoti kwa shida, akavuta begi la kwanza chini ya kitanda. Barua ilikuwa ndani ya shati la Jumapili, imefunguliwa, imekunjwa mara nne.

Keith aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, barua mapajani.

"Uliisoma lini?"

Akavua kofia. "Siku mbili kabla ya kusaini."

"Ukaelewa?"

"Nusu. Lakini nusu ilitosha."

"Kwa nini, Keith?"

"Sijawahi kuona jina langu kwenye karatasi ya nyumba. Nikajua ukiisoma utasema tusubiri, na mimi nikisubiri huwa natolewa nje. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho ikapita."

"Dada yangu Beverley alisema unataka fleti."

"Sikutaka fleti. Nilitaka nisifukuzwe."

"Basi nakufukuza." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimtisha Keith kuliko kelele. "Miguu yangu unaiona kila siku. Ulizihesabu ngazi zile pamoja nami."

Keith akachukua mabegi. Mlangoni akauliza, "Na jina?"

"Jina libaki, maana siwezi kulitoa. Wewe toka."

Keith alipiga simu Septemba nzima, Hazel hakupokea. Oktoba alishuka dukani mara mbili kwa wiki, Desemba mara moja. Januari, akipanda na mfuko wa vitu vya jikoni, mguu wa kushoto ulikataa kabisa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Viazi vilibingirika hadi chini. Alikaa kwenye ngazi ya baridi karibu saa nzima, analia kwa hasira. Beverley alikuwa mbali, Leeds. Akaitafuta namba ya Keith.

"Umekwama?" Keith aliuliza.

"Njoo."

Alifika kwa dakika ishirini, na viazi alikuwa ameviokota akavitia mfukoni mwa ovaroli. Hakusema samahani. Akainama ambebe.

"Nikupandishe?"

"Hapana. Chini. Nikirudi juu sijui nitashuka lini."

Akambeba chini, akamkalisha kwenye ukuta mfupi karibu na mapipa ya taka, akanunua chipsi zenye siki nyingi kama apendavyo. Walikula, mvuke wa chipsi ukiwapiga usoni.

"Imebaki mingapi?" Keith akauliza.

"Sabini na tisa na miezi miwili. Bei siiwezi, na nyumba ya bustani nimeshaisahau."

"Ya pango naijua. Nauliza yetu."

Hazel alifuta vidole kwa karatasi. "Mwaka mmoja na miezi saba hadi tuweze kutuma notisi nyingine. Siwezi kupanda peke yangu, na wewe jina lako liko kwenye hati. Sijakusamehe, Keith."

"Najua."

"Nikikusamehe nitakuambia. Usiniulize."

Jumamosi alikuja na mabegi mawili. Hazel alikaa kitandani akimtazama anavyotundika shati moja moja kabatini, hadi mabegi yakawa matupu, kisha akamtuma akayatupe. Aliposikia nyayo zake zinashuka zile ngazi sitini na mbili, aliitoa barua ya wakili, akaibandika kwenye mlango wa friji. Bado ipo hapo. Kila asubuhi Keith akitaka maziwa ya chai, anaisoma kwanza.