Usukani wa Watu Wawili

Siku hizo barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale ilikuwa bado inapitika, ukiwa na moyo mgumu na buti za plastiki. Uwitonze alikuwa navyo vyote viwili. Aliingia soko la Walikale na jibini za baba yake, kitenge cha manjano kimemkaa vizuri kiunoni, akakuta watu wamejaa njiani wakipiga kelele. Jeep moja kuukuu, iliyopakia madumu ya mawese, ilikuwa imekwama katikati, haigeuki wala hairudi nyuma.

Dereva alikuwa kijana mrefu, jasho linamtiririka, anavuta usukani kama anang'oa kisiki.

"Dada wa kitenge ya manjano!" aliita. "Kuja unisaidie kuvuta hii volan. Pompe yake imezeeka."

"Na mimi njo mekanisye wa magari?"

"Hapana. Lakini naona uko na mikono ya kukamua ng'ombe."

Watu wakacheka. Uwitonze akapanda. Walivuta pamoja, bega kwa bega, mpaka jeep ikageuka na soko likapumua. Hivyo ndivyo alivyomjua Jérémie, mtoto wa Walikale.

Tangu hapo walisafiri pamoja, jibini zikishuka Walikale, mawese yakipanda Masisi. Kwenye kila kona Jérémie alisema "Sasa!" na Uwitonze akainama wakavuta wote wawili, pampu inalia chini ya boneti, shavu lake karibu na la dereva, harufu ya mawese kila mahali. Jioni bega lilimuuma, akawa anabeba kikapu kwa mkono wa kushoto, lakini kesho yake akapanda tena. Alizipenda kona zile. Hata leo ukimuuliza mapenzi yao yalianza lini, atakutajia kona, si tarehe.

"Chérie, siku moja nitakufundisha kuendesha," Jérémie alipenda kusema.

"Na hii volan? Itaning'oa mabega!"

Kisha asubuhi moja Uwitonze alimkuta kwenye karakana ya Papa Gustave, magurudumu ya mbele yameinuliwa juu ya magogo. Pampu ya zamani ilikuwa imetupwa vumbini, nyeusi kwa mafuta. Jérémie alikaa ndani akizungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, na Papa Gustave akichungulia kopo la mafuta mpaka mapovu yakaisha.

"Hewa yote imetoka kwenye pompe mpya," fundi alisema.

"Ona, Uwi!" Jérémie alizungusha tena. "Kidole kimoja! Sasa sihitaji mutu wa kunisaidia!"

Alisema kwa furaha, maskini, hata hakusikia alichosema. Uwitonze aliitazama ile pampu pale vumbini, akajiona amelala kando yake.

"Vizuri," alisema. "Usafiri salama."

Alirudi nyumbani Bihambwe, kule Masisi, kwa pikipiki. Simu ililia wiki nzima kabla hajaipokea.

"Uwi, nimekukosea nini?"

"Ulisema hauhitaji mutu."

"Ah! Niliongea juu ya volan!"

"Na mimi nilikuwa wapi siku zote, kama haikuwa kwenye volan?"

Mtandao ukakatika, au Uwitonze ndiye aliyekata simu. Mwenyewe hasemi.

Nyumbani mambo hayakumngoja. Baba yake, Mzee Kanyamibwa, alikuwa ameshakubali familia ya Makuza, jirani mwenye ng'ombe wazuri aliyetaka kumwoa, waje Jumapili kuleta posa. Uwitonze hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliogopa kumkataa mtu anayemtaka kwa ajili ya mtu asiyemhitaji, na wazo hilo lilimnyima usingizi.

Jumamosi alitoka kuosha vyombo vya maziwa, akaikuta jeep iko langoni. Hakuisikia ikija, maana pampu mpya hailii. Jérémie alisimama kando yake, shati jeupe limepigwa pasi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Kila kona nilisema 'Sasa!' na hakuna mutu."

"Kidole kimoja hakitoshi?"

"Uwi, nilikuona unabeba kitunga na mukono ya kushoto. Nikasema, ninamuharibia bega, njo nikatafuta pompe. Na volan ikiwa laini utaweza kuendesha, mimi niko pembeni yako. Nilitaka ikushangaze, nikaongea kama mujinga."

Uwitonze alilia waziwazi, bila aibu.

"Mimi nilipenda ile nzito," alisema.

"Hata mie. Lakini bega yako naipenda zaidi."

"Watu wa Makuza wanakuja kesho."

"Nimesikia kule sokoni. Njo maana nimekuja leo. Nataka kukuoa. Ukubali ao ukatae, lakini usinijibu kwa simu."

Kabla hajajibu, Mzee Kanyamibwa alitoka zizini na fimbo mkononi. "Nani huyu?"

Uwitonze akasimama mbele ya Jérémie. Hakuwahi kumpinga baba yake, hata kwa bei ya jibini.

"Papa, huyu ni Jérémie wa Walikale, njo mutu ninamutaka. Uwaambie wa kwa Makuza wasikuje."

Mzee alimkagua Jérémie kuanzia viatu mpaka kofia. "Mutu wa pori. Anajua ng'ombe?"

"Hajui hata kidogo, Papa. Nitamufundisha."

"Basi nitawaambia wa kwa Makuza. Na huyu aanze leo," Mzee alisema. Kisha akamkabidhi Jérémie fimbo na kumwonyesha ndama wawili waliokuwa wanatorokea bondeni, nyuma ya jeep. Jérémie akawakimbilia, shati lake jeupe likipotea kwenye matope.