Makaa Yaliyokwama Tambach

Kila asubuhi Waceke ndiye aliyewasha jiko. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na katika ploti yao ya vyumba vya kupanga mtaani Munyaka hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo. Alichomeka chini ya makaa kipande cha gazeti kuukuu na vijiti viwili vitatu, akawasha kiberiti, kisha akasimamisha juu yake bomba la bati ili upepo uvute moto. Moshi ulitoka mweupe, mzito, wa kuchoma macho. Waceke aliketi kwenye kigoda akingoja. Mama alimfundisha hivyo tangu alipokuwa na miaka saba: jiko haliingizwi nyumbani mpaka moshi uishe. Makaa yakishakuwa mekundu kote yameiva, na yakiiva hayana ubaya tena.

Hivyo ndivyo ploti nzima ilivyofanya, hasa miezi ya Julai na Agosti, wakati mvua ya Eldoret inaponyesha kila alasiri na baridi kupenya hadi kwenye mifupa.

Agosti ya mwaka huo, 1987, jiko lilikuwa la Tata Mwihaki, mdogo wake Mama. Alitoka Burnt Forest kuja kujifungulia hospitalini mjini, na sasa alikuwa akipumzika kwao na mtoto wake wa siku nne. Mtoto alikuwa msichana wake wa pili. Kama desturi ilivyotaka, alipewa jina la bibi yake mzaa mama, Nyaguthii. Lakini Cucu Nyaguthii mwenyewe hakuwahi kumwona. Alikuwa amefariki mwezi mmoja tu uliopita, katika chumba kile kile alimolazwa mtoto. Mama kila alipompakata yule mchanga alimwita "mama yangu," kisha akageuza uso ukutani.

Waceke hakupenda kuingia chumbani humo. Watu walidhani ni huzuni, maana Cucu alikuwa rafiki yake mkubwa, ndiye aliyewekewa pakiti ya maziwa ya Nyayo kila yalipogawiwa shuleni. Ilikuwa huzuni kweli. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Jumamosi ile Cucu alipofariki, Mama alikuwa sokoni na Waceke aliachwa nyumbani. "Usimwache Cucu peke yake na moto," Mama alimwambia. Cucu alikuwa akikohoa na kutetemeka. Waceke aliwasha jiko, akangoja moshi uishe, akaliingiza ndani. Akafunga mlango. Akaziba ufa wa dirisha kwa gunia. Kisha Sahra, rafiki yake wa ploti ya jirani, akamwita waende kuruka kamba. Alikusudia kukaa kidogo tu, yakapita masaa matatu. Aliporudi alimkuta Cucu kama amelala, midomo yake ina wekundu kama wa mtu mzima wa afya, lakini hakuamka. Waceke alilitoa jiko mbio, akalimwagia maji, akafungua dirisha. Mama aliporudi na kuuliza kama alikuwa na Cucu muda wote, alijibu, "Ndiyo." Akasema pia kwamba jiko halikuwashwa. Watu wazima wakasema ni kifua na uzee, wakamzika.

Waceke hakujua kama jiko lilikuwa na hatia yoyote. Kilichomtafuna ni kwamba Cucu alikufa peke yake.

Sasa ilikuwa likizo, na katika chumba cha kwanza karibu na lango aliishi Mwalimu Wasike, kijana aliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, mwalimu wa kemia. Alikuwa akimsaidia Waweru, kaka yake Waceke, aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Asubuhi hiyo waliegemeza ubao ukutani, pale uani, hatua chache kutoka bombani ambapo Waceke alikuwa akiosha vyombo. Mwalimu alichora mstari uliotoka kushoto, ukapanda, kisha ukashuka sana upande wa kulia.

"Haya, Waweru. Mchoro huu unatuambia nini?"

"Ni mlima, Mwalimu."

"Mlima gani? Hatuko kwenye jiografia."

Waceke alicheka chinichini.

"Cheka tu," Waweru akamwambia. "Siku yako itafika, utalia."

"Kimo cha mstari huu," Mwalimu akasema, "kinaonyesha nishati iliyolala ndani ya vitu. Kushoto ni vitu kabla havijabadilika. Kulia ni vile vilivyotokea baadaye. Sasa nionyeshe joto linalotoka ni lipi."

Waweru akaweka kidole kwenye kilele. "Hili hapa. Kilima kikiwa kirefu, joto linakuwa jingi."

"Hapo ndipo mnapoanguka nyote! Darasa langu zima liliandika hivyo hivyo. Sahau ubao. Umewahi kufika bonde la Kerio?"

"Ndiyo, na lori la mjomba. Tulienda kuleta mbuzi."

"Lori likitoka Eldoret, linafanya nini kwanza?"

"Linapanda Iten, likikohoa kama mzee. Halafu linateremka Tambach, mpaka Kerio chini kabisa."

"Vizuri. Iten ni kilima ambacho lori lazima likipande kwanza. Lakini kiwe kirefu, kiwe kifupi, hakibadilishi kina cha Kerio. Joto tunalopata ni tofauti kati ya Eldoret na Kerio, mahali ulipoanzia na mahali ulipofika. Waceke! Wewe unayecheka. Kwa nini gunia la makaa haliwaki lenyewe? Hewa si ipo?"

Waceke aliutazama mchoro. "Kwa sababu halijatiwa kiberiti."

"Na kiberiti kinafanya nini?"

"Kinayapandisha Iten."

Mwalimu akapiga makofi. "Waweru, ondoka kitini, mwanafunzi wa kweli aketi!"

Waweru alicheka, lakini hakuondoka. "Na makaa yakikwama njiani, Mwalimu? Yasipofika Kerio?"

"Aa, sasa umeuliza swali." Mwalimu akachora upya. Mara hii mstari ulipoanza kushuka, ulitulia kidogo kama rafu, ukapanda kakilima kengine, ndipo ukateremka hadi chini. "Makaa ni kaboni. Yakipata oksijeni ya kutosha yanateremka mpaka chini na kutoa joto lote. Hewa ikipungua, yanakwama hapa, Tambach. Hata theluthi moja ya mteremko hayajafika. Yanageuka gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo inapokutana na hewa na kumalizia safari. Ukifunga chumba, haimalizii. Inajaa humo ndani."

Waceke aliacha kusugua. "Inanuka?"

"Hainuki. Haina rangi wala moshi."

"Hata makaa yakiwa yameiva?"

"Yakiwa yameiva ndiyo hasa. Watu wanadhani moshi ukiisha na hatari imeisha. Gesi hii inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki tena. Wengine wanakutwa na midomo myekundu. Ungedhani ni wazima."

Sufuria ilimponyoka Waceke ikalia kwenye saruji. Kabla haijatulia, yeye alikuwa amefika mlangoni kwa Tata.

Chumbani mlikuwa na joto na giza. Gunia lilikuwa dirishani. Jiko lilikuwa karibu na kitanda, makaa mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Alikuwa ameyawasha yeye mwenyewe.

"Funga mlango, Waceke," Tata alisema kwa sauti ya usingizi. "Kichwa kinanigonga tangu nilipoamka."

Waceke alishika jiko kwa pindo la sketi, akalitoa. Nje alikutana na Mama akija na bakuli la uji.

"We! Unalipeleka wapi?"

"Ni baya, Mama. Makaa yana gesi. Mwalimu amesema."

"Mtoto wa siku nne umwache na baridi hii? Lirudishe!"

Mwalimu Wasike alikuwa amekuja mbio, lakini alisimama mbali na mlango. Si heshima kijana asiye wa ukoo kuingia alikolala mzazi. "Mama Waweru," alisihi, "nakuomba uwatoe nje upesi. Fungua na dirisha."

"Mwalimu, nakuheshimu sana," Mama akasema. "Lakini wewe hujalea mtoto mchanga. Hawa wawili niliwalea kwa jiko, na mama yangu alinilea vivyo hivyo. Hayo ya ubaoni ni ya mtihani." Akaweka uji chini, akalishika jiko kwa leso, akageukia mlango.

Waceke alisimama mbele yake. Angeweza kunyamaza. Mwezi mzima alikuwa amenyamaza, na hakuna aliyemshuku.

"Mama, lilikuwa ndani."

"Nini kilikuwa ndani?"

"Jiko. Siku ya Cucu. Nililiingiza moshi ulipoisha, nikafunga mlango, nikaziba dirisha. Halafu nikaenda kwa kina Sahra. Niliporudi alikuwa... midomo yake ilikuwa myekundu, Mama. Nikalitoa. Nikakudanganya."

Mama hakupiga kelele. Alilitua jiko chini polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Kisha aliingia chumbani, wakasikia gunia likinyakuliwa dirishani, akatoka na mtoto mikononi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea.

"Mama yangu!" aliita. "Mama yangu! Mama yangu!" Na hakuna aliyejua kati ya wale wawili alikuwa akimwita yupi.

Waweru alimtoa Tata akimkokota, naye akatapika pale bombani. Mtoto alikaa kimya kwa muda ambao Waceke hakuweza kuupima. Halafu akapiga chafya. Akalia, sauti nyembamba kama ya paka. Mwalimu alikuwa amekimbia kumwita Mzee Farah, babake Sahra, aliyekuwa na pikapu, na dakika chache baadaye wakawa njiani kwenda hospitali. Huko Tata na mtoto walipewa oksijeni. Daktari alisema wangechelewa nusu saa tu, asingekuwa na la kufanya.

Siku ya tatu waliruhusiwa kurudi. Mtoto sasa alipashwa joto kifuani mwa mamake, chini ya blanketi mbili, na kwa chupa za maji moto zilizofungwa nguo. Dirisha liliachwa wazi kiasi cha mkono kupita. Lakini tangu siku ile Mama hakuwa amesema na Waceke neno lolote lisilokuwa la kazi.

"Hukujua," Mwalimu Wasike alimwambia pale uani.

"Lakini nilidanganya."

Mwalimu hakumficha. "Ndiyo, ulidanganya. Na juzi ulisema kweli ilipokuwa ngumu zaidi. Yote mawili ni yako."

Alasiri hiyo Mama alimwita. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Cucu, naye Tata amelala na mtoto upande wa ukutani. Mama alipapasa nafasi kando yake, Waceke akakaa.

"Kabla hujatoka kwenda kwa kina Sahra, Cucu alisema nini?"

"Alisema nimfunike miguu. Halafu akasema, 'Nenda ukacheze. Unanikalia hapa kama askari wa benki, nimefanya nini mimi?'"

Mama aliziba mdomo kwa leso. Mabega yake yalitikisika, na kwa muda Waceke hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili.

"Ni yeye," alisema hatimaye. "Ni yeye kabisa. Mwezi mzima nimelala nikijiuliza mama yangu alisema nini mwisho, na neno lake lilikuwa kwako."

"Nisamehe, Mama."

"Sikiliza. Kungoja moshi uishe nilikufundisha mimi. Nami nilifundishwa na yeye. Jambo hilo hatukulijua sote watatu, kwa hiyo usilibebe peke yako. Lakini ulijua kwamba jiko lilikuwa ndani, na sisi hatukujua. Ungesema siku ile, nisingeliweka tena karibu na kitanda hiki. Ulinificha ili nisikasirike. Ningekasirika, ndiyo, pengine ningekuchapa. Halafu hasira ingeisha. Uongo wako haukuisha, Waceke. Ulikaa humu ndani pamoja nasi, ukamngoja mtoto huyu." Alimfuta machozi kwa ncha ya leso ile ile. "Siku nyingine ukiogopa kuniambia jambo, usingoje woga uishe. Njoo uniambie huku unaogopa."

Waceke alijilaza mapajani pa mamake na kumlilia Cucu kama hakuwahi kumlilia. Mama alimwacha alie mpaka akatosheka.

Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya, na mlango kwa mlango watu walikuwa wakiwasha majiko ya jioni. Mama alijifunga leso upya, akamshika Waceke mkono.

"Tuanze kwa kina Sahra," alisema. "Nitawaeleza mimi yaliyompata mama yangu. Wewe utawachorea ule mlima wa Mwalimu."