Nirudishie Hata Hasira

Kompyuta ilikuwa moja, na watu walioishika walikuwa wawili.

"Dada, hii niliitolea macho tangu jana," alisema mwanamume mwenye ovaroli ya bluu iliyonuka mafuta ya friji.

"Sawa, chukua," alijibu mwanamke, akaiachia.

Soko la Makoroboi lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Wauza mitumba walikuwa wakishindana kwa sauti na spika ya muuza dawa ya panya. Ngosha, mwenye meza ya kompyuta kuukuu, akacheka.

"Mama, hapa watu hawaachii vitu hivyo. Mtukane kidogo basi, nasi tuchangamke!"

Mwanamke hakucheka. Alikuwa ametoka mazoezini, na kitambaa cheupe cha kwaya kilikuwa bado kichwani. Gauni lake la kitenge cha kijani lilikuwa limepigwa pasi vizuri, kama vazi la mtu anayefanya kila kitu ipasavyo kwa sababu hana sababu ya kuacha.

"Uliitakia nini?" mwanamume akauliza.

"Nasoma kompyuta jioni, mfumo wa Linux, kule Nyegezi. Mwalimu ametuambia tutafute mashine ya mazoezi."

"Mwalimu Nestory?"

"Huyo huyo."

"Basi mimi ndiye niliyekaa nyuma yako juzi! Kilemba chako kilinizibia ubao wote."

"Pole."

Hivyo ndivyo Agutu, katibu muhtasi wa shule, alivyokutana na Mashimba, fundi wa vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Wote wawili walikuwa wamepita umri wa kukaa darasani, na wote wawili kazi zao zilikuwa zinahamia kwenye seva, zile kompyuta zinazoendeshwa kwa mbali. Waliinunua mashine ile pamoja. Ikawekwa kwenye karakana ya Mashimba huko Igoma, katikati ya friji mbovu, naye Agutu akawa anaifikia kwa mtandao kutoka chumbani kwake Mabatini.

Mwalimu Nestory aliwafundisha kontena. Kila programu hupewa kibanda chake ndani ya mashine moja, alisema. Kibanda kikiharibika usikiuguze. Kibomoe, usimamishe kingine.

Jioni simu ya Agutu ilikuwa haikosi kuita; alikuwa Mashimba, ambaye mashine yao aliiita mtoto.

"Mama mtoto! Mtoto wetu ameamka huko kwenye skrini yako?"

"Ameamka. Ila kontena lako linakula kumbukumbu yote."

"Limerithi kwa baba. Wewe umekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Sikumbuki, Mashimba."

Hakuwa anatania. Tangu Okech, mumewe, afariki, chakula hakikuwa na ladha, na nyimbo alizoimba kanisani zilitoka mdomoni bila kumgusa. Okech aliumwa muda mrefu akamficha, hata dawa alizimezea kazini, mpaka siku alipoanguka. Kwenye mazishi huko Rorya wazee walimsifu kuwa alikuwa mwanamume jasiri aliyebeba maumivu yake peke yake. Agutu aliitikia, "Sawa." Tangu siku ile moyo wake ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Hata hivyo hakuacha kusali. Kila alfajiri alipiga magoti mbele ya msalaba mdogo ukutani, akasema maneno yale yale: "Bwana, sikuombi furaha. Nirudishie hata hasira."

Siku moja Mashimba alimpeleka kando ya ziwa, wakaketi chini ya mawe makubwa kula sato wa kuchoma. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani bado.

"Agutu, mpenzi, twende kwa padri tuandikishe ndoa."

"Sawa."

Mashimba akaweka samaki chini. Muda mfupi uliopita mhudumu alikuwa ameuliza kama alete pilipili, na Agutu alikuwa amemjibu vivyo hivyo, kwa sauti ile ile.

"Sawa gani hiyo?"

"Umeuliza, nimejibu."

"Mimi nataka mke anayenikubali akiwemo ndani. Siyo mlango uliosahauliwa wazi."

Agutu akalitazama ziwa. Aliona maji, akaona ndege weupe, wala hakuhisi chochote. "Ndivyo nilivyo, Mashimba."

"Basi nitasubiri mwenye nyumba arudi."

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamvuta. Alikuwa amekusanya nyimbo za zamani za kwaya kutoka kwenye simu ya kiongozi wao, akaziweka ndani ya kontena lake ili wanakwaya wazisikilize na kujifunza. Katika wimbo mmoja, uliorekodiwa Okech akiwa hai, Agutu alikosea kuingia, akacheka. Alikuwa akiusikiliza wimbo huo mara kwa mara. Hakuwa anamtafuta marehemu. Alikuwa anamtafuta yule mwanamke aliyecheka. Simu ya kiongozi ilishakufa, na nakala ilibaki ile moja.

Kisha umeme ukakatika Igoma. Uliporudi, makontena ya Mashimba yaliamka yenyewe kwa sababu alikuwa ameyaagiza hivyo. La Agutu lilibaki limezimika. Mashine ilikuwa imejaa, na mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia. Mashimba akaandika amri ya kufagia makontena yote yaliyozimika, akiamini anamsaidia.

Alipogundua kilichokuwamo, alimpigia.

"Agutu, nimefuta kontena lako. Zile nyimbo... sikujua zimo mle. Nisamehe."

"Sawa."

"Usiseme sawa! Nitukane. Niite mjinga."

"Imeshatokea. Usiku mwema, fundi."

Hakuwahi kumwita fundi tangu wakutane Makoroboi. Baada ya hapo hakupokea simu zake. Mashimba akaamini kwamba hajaliwi, akaacha kwenda darasani. Agutu naye aliendelea kupiga magoti, lakini sasa alinyamaza, maana hata ombi lilikuwa limemwishia.

Darasani Mwalimu Nestory akafika kwenye somo la ghala.

"Mama Agutu, kontena likibomolewa, vitu vyake vinakwenda wapi?"

"Vinapotea, mwalimu."

"Vingi, ndiyo. Lakini baadhi ya waliotengeneza hizi programu waliagiza mapema ghala la kutunzia vitu nje ya kontena. Hukuliona likijengwa. Kufagia makontena hakuligusi, labda mtu aamuru hivyo."

Agutu akafunga begi lake, akatoka kabla ya sala ya kufunga darasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kule karakanani Igoma, Mashimba alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, tochi ikiwa mkononi, alipomwona mlangoni.

"Karibu, ma..."

Agutu alimpita bila salamu, akaketi mbele ya mashine. Yalikuwepo maghala kadhaa, majina yake herufi na tarakimu ndefu zisizo na maana. Akayafungua moja moja. Kisha akasimamisha kontena jipya, akaliunganisha na ghala moja, akabonyeza.

Kwaya ikaimba kati ya friji mbovu. Halafu mwanamke akakosea kuingia, akacheka.

Agutu akageuka, akamkabili Mashimba.

"Kwa nini hukuniuliza?" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia.

"Nilidhani..."

"Una mdomo! Una simu! Kila jioni unanipigia kuuliza nimekula nini. Siku ya kufuta vitu vyangu ndiyo ukakosa salio?"

Mashimba akazima tochi. Alikuwa anatabasamu.

"Na unacheka! Mnaniamulia tu! Na Okech naye! Anaumwa, ananiambia ni uchovu. Mke wake nipo, napika uji, najua nini? Ati jasiri! Jasiri gani anayemficha mkewe kifo chake?"

Alichukua kitambaa cha mafuta, akamrushia. Kilimpiga kifuani. Ndipo machozi yakaja, mengi, ya moto, na Agutu akayaacha yashuke mpaka kwenye kola. Kati ya kwikwi alisikika akisema, "Asante, Bwana. Asante," kisha akamgeukia tena Mashimba kwa macho makali.

Mashimba alisogea, kitambaa mkononi.

"Mama mtoto, lile swali langu la kule ziwani..."

"Subiri! Sijamaliza kukugombeza."

Mashimba akageuza kreti la soda, akaketi, akakunja mikono mapajani kama mvulana siku ya kipaimara.

"Sawa," akasema.