Lami ya Himo, Korongo la Kibosho

Ndugu zangu, asubuhi ile ya mwaka 2002 kihamba cha Theodora, shamba lake la migomba na kahawa kule Kibosho, kilikuwa kimetulia. Maziwa yalishakamuliwa, na mbuzi aliyekuwa akinoneshwa kwa uzazi wa Doris, binti yake, alikuwa akitafuna majani ya mgomba zizini. Mara akaingia mzee Yoramu, sururu begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tunaziba korongo la barabara. Mumeo yuko wapi?"

Theodora alichoka hata kabla ya kujibu. Elisaria, mumewe, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kufika kwenye kazi za kijiji, alikuwa Himo, mji ulio kwenye barabara kuu ya lami. Bei ya kahawa ilipoanguka alihamishia kila kitu kwenye lami: duka, pikapu, hata vijana wa kijiji wa kupakia magunia. Barabara ya kwao ikaachiwa wazee na akina mama. Basi Theodora akaenda yeye, akabeba mawe kichwani.

Jumapili alimwambia mumewe, "Baba Doris, tuletee hata tripu mbili za mawe. Lile korongo litatuua."

"Wee! Barabara ni ya serikali. Riziki iko kwenye lami siku hizi."

Haya. Masika yakaingia, na uchungu wa Doris ukaanza mvua ikinyesha. Katekista wa kijiji akampigia Elisaria simu. Himo hadi Moshi alitumia nusu saa. Alipopanda kwao, pikapu ikazama korongoni hadi ekseli.

Akina mama walimkuta hapo, wamembeba Doris kwenye machela ya miti na blanketi.

"Vijana! Njooni tusukume!" Elisaria alipiga kelele, matope hadi kiunoni.

"Unamwita nani?" Theodora alimuuliza kwa sauti ya kuchoka. "Wote uliwachukua wewe."

Wakaendelea kwa miguu. Madaktari wa hospitali ya Mawenzi, mjini Moshi, walimwokoa Doris. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Mbuzi alilia zizini siku tatu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja. Siku ya nne Elisaria alichukua sururu, akaenda korongoni peke yake. Theodora alimwona akipita. Hakumwita, wala hakumlaumu tena.

FUNZO

Lami ni neema, nani atabisha? Lakini inapopita kwa jirani tu, huchota watu na mali za wale isiowafikia. Tuidai serikali, ndiyo. Ila wewe uliyefanikiwa barabarani, rudisha nguvu zako nyumbani mapema. Elisaria alirudi na sururu, mjukuu akiwa kaburini.