Milango ya Itobela

Haya yalimpata Zamda binti Mfaume, jirani yetu wa Gongoni. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa mabua tu. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kutoka makwao na kupelekwa vijiji vya ujamaa. Kaka yake, Mabruki, alikuwa seremala. Asubuhi ile alikunywa uji, akamtania dada yake kwamba umeungua, akabeba vyombo vyake na kupanda treni ya Tura. Alikuwa ameitwa kung'oa milango ya nyumba zilizoachwa mahameni, Itobela, ikatumike kwenye shule ya kijiji kipya.

Hakurudi. Mwezi ukafa, mwingine ukaandama. Mama yao, Bi Maua, akaacha kula. Ndipo Zamda naye alipopanda treni.

Kijijini alipokewa na Bernadeta, mama aliyekuwa akimpikia Mabruki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnafanana." Bernadeta akashusha sauti. "Milango yote aliileta. Ikabaki ya tembe moja, kwenye njia ya zamani ya misafara. Wapagazi waliougua waliachwa humo, mlango ukakomewa kwa nje. Tulimkataza. Akacheka."

"Mlimtafuta?"

"Tulifika uani. Tukamsikia anapiga randa." Akatazama pembeni. "Tulimwita. Randa ikanyamaza, halafu tukasikia watu wengi wanavuta pumzi. Tukakimbia."

Zamda hakungoja asindikizwe. Jua lilikuwa bado kali alipoingia Itobela. Nyumba zote zilikuwa wazi, matundu matupu mahali pa milango. Tembe peke yake, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, lilikuwa na mlango. Mlango mpya. Mbao zake zilinukia mninga uliorandwa siku hiyohiyo.

Ndani, randa ilikuwa inalia. Srrr. Srrr.

"Kaka?"

Akausukuma. Akaingia chumba chenye giza, maranda mabichi yametapakaa sakafuni. Mbele kulikuwa na mlango mwingine mpya. Akaufungua. Chumba kilekile. Mlango mwingine. Akafungua huo pia, na mwingine, na mwingine, mpaka akachoka kushangaa akaanza kuogopa. Tembe halikuwa refu kiasi hicho.

Akageuka arudi. Mlango aliotokea ulikuwa umefungwa. Akaufungua. Haukumtoa nje. Ulimpeleka chumba kingine, kidogo zaidi. Dari ilimgusa kichwa.

Randa ikanyamaza.

"Zamda." Sauti ilitoka nyuma ya mbao, ya chini, iliyokauka. "Usifungue mwingine."

"Kaka Mabruki! Toka twende. Mama anakufa kwa ajili yako."

"Kila ninaoufungua, naamriwa kutengeneza mwingine. Hawalali. Sasa wanataka wa kunishikia mbao."

"Nani?"

Chini ya mlango ikapenyezwa patasi, mpini wake ukiwa na joto la mkono.

"Toboa ukuta," akanong'ona. "Mlangoni usipite."

Zamda akapiga magoti, akachimba. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe. Nyuma yake komeo likaguna. Akachimba. Mlango ukafunguka, polepole. Hakugeuka. Akasikia miguu, mingi, miguu mitupu ikiburuzwa juu ya maranda. Akachimba kwa patasi, akachimba kwa kucha. Hewa ikawa nzito, yenye harufu ya jasho la watu waliofungiwa muda mrefu. Mwanga ukachungulia, mwembamba kama uzi. Akapanua. Kichwa kikapita. Mabega yakakwama.

"Kaka, njoo! Pitia hapa!"

"Mimi nilishapita mlangoni, mdogo wangu."

Kitu kikamgusa mgongoni. Kidogo tu. Kwa utulivu, kama mtu asiye na haraka.

Akapiga ukelele.

Mikono iliyomvuta nje ilikuwa ya Bernadeta na mumewe, Bundala, waliomfuata kwa nyuma. Zamda aling'ang'ania tundu akimwita kaka yake hadi sauti ikamkauka. Bundala akawasha tochi, akapenya nusu. Alipotoka, alikuwa amekunja uso.

"Chumba kimoja," alisema. "Kitupu. Hata maranda hamna."

Wakalizunguka tembe lote. Mbali na tundu lile, ukuta ulikuwa mzima pande zote, udongo mkavu wa miaka. Mlango haukuwapo, wala mahali pa mlango.

Zamda alirudishwa Gongoni akiwa na homa. Bi Maua alimwona ameshuka peke yake, akaelewa. Akachemsha maji, akamketisha uani, akamvua nguo amwoshe udongo wa Itobela. Alipofika mgongoni mkono wake ukasita.

"Mama, nini?"

Bi Maua akachukua dodoki na sabuni. Akasugua. Akasugua tena kwa nguvu, mpaka ngozi ikawa nyekundu na Zamda akalia.

Ilikuwa mistari ya penseli, myembamba, iliyonyooka, ya mkono uliozoea kazi. Ilianza begani ikashuka kiunoni, na kila penye kiungo palikuwa na alama ndogo ya mkato, ile ambayo maseremala huweka mahali pa kupitisha msumeno.

Haikutoka.